Ukurasa wa Themanini na Nane

Wako wanaojisifu kwa watoto wao, wako wanaojisifu kwa magari yao. Daktari alijisifu kwa idadi. Mia tatu na kumi na mbili. Aliiandika chini ya kila barua pepe aliyotuma, hata ile ya kulalamikia choo kilichoziba ghorofa ya pili. Aliibandika mlangoni kwake, chini ya jina, kwenye kibao chenye namba za kuchomeka ili iwe rahisi kuipandisha. Ukimsalimu kwenye ngazi, kabla hajaitikia vizuri amekwishakwambia kwamba wiki hii imeongezeka moja. Makala yake moja ya zamani ilikuwa imerejelewa na watafiti wenzake mara zote hizo, na katika taasisi ile ya utafiti wa magonjwa, ambako wengi walikuwa wamerejelewa mara nne au tano, tena mbili kati ya hizo wamejirejelea wenyewe, idadi hiyo ilikuwa ufalme. Walinzi wa getini walimwita Mia Tatu. Yeye alidhani ni heshima.

Mkutubi wa taasisi alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na sita, mwenye miwani ya kuning'iniza shingoni na ulimi usio na breki. Idadi ya Daktari haikumkera. Kilichomkera ni kwamba katika miaka kumi na mmoja mtu huyo hakuwahi kujaza fomu ya kuomba nakala hata mara moja. Wengine wote waliijaza, hata Mkurugenzi. Ilikuwa karatasi ndogo yenye mistari minne: makala, mwandishi, ukurasa, sababu. Nakala zilitolewa kila Alhamisi, kwa kuwa mashine ilikuwa moja na ilichoka upesi.

"Mtu asiyesoma anaandikaje?" Mkutubi alimuuliza mumewe siku moja.

"Kama wewe unavyopika bila kuonja," mumewe akamjibu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Basi mwaka ule Daktari akaomba uprofesa. Na kwa kuwa ndiye aliyekuwa katibu wa kamati ya utafiti, akapitisha na kanuni mpya: yeyote mwenye chumba cha utafiti lazima awe amerejelewa angalau mara kumi katika maisha yake, na asiyefikisha atoke ifikapo mwisho wa mwezi. Kanuni iliandikwa kwa maneno makubwa ya ubora na ushindani, lakini kila mtu alijua ilikuwa imeshonwa kwa kipimo cha chumba kimoja. Chumba cha hadubini kilikuwa na dirisha pana na mwanga mzuri asubuhi nzima, na Daktari alikitaka kwa ajili ya kitu alichokiita Kituo cha Umahiri. Aliyekaa humo kwa miaka kumi na tisa alikuwa fundi wa maabara, mwanamke mkimya mwenye vidole vilivyoingia rangi ya zambarau isiyotoka kwa sabuni yoyote. Fundi huyo alikuwa wifi yake Mkutubi, dada wa mumewe.

Mawifi hao hawakuwa wakielewana sana, na hakuna haja ya kuficha. Siku Mkutubi alipoolewa, Fundi aliuliza mbele ya ukoo mzima kama kaka yake ameoa mke au amefungua maktaba. Na tangu siku hiyo, kila Jumapili akija kutembea, alipitisha kidole juu ya kabati, akakiinua kwenye mwanga na kukichunguza kana kwamba ataona vimelea.

Kwa hiyo alipotokea maktaba saa ya chakula, amekumbatia jarida la zamani kifuani, Mkutubi alijua mambo yamemfika shingoni.

"Wifi, hebu nitazamie tena," Fundi alisema. "Labda mara ya kwanza ulikosea."

"Mimi nikosee?"

"Nimesema labda."

Fundi alikuwa na makala moja tu maishani mwake, ya kurasa mbili, aliyoiandika miaka kumi na miwili iliyopita baada ya mkubwa wake wa wakati ule kumsukuma wee mpaka akakubali. Mkutubi akaandika jina lake kwenye kompyuta. Mtambo wa kuhesabu marejeo ukafikiri, ukazunguka, ukajibu: sifuri.

"Hata moja?"

"Hata nusu, wifi."

Fundi akaketi. Hakulia, hakuwa mtu wa kulia mbele za watu, ila alianza kukunja na kukunjua ncha ya koti lake jeupe. "Miaka kumi na tisa natazama damu za watu," alisema. "Sijui kazi nyingine. Wakinitoa mle ndani nitakwenda wapi mimi? Nikauze nini?"

Mkutubi alitaka kusema neno la kejeli, kwa mazoea tu, akaliacha. Alimwonea huruma, na huruma hiyo ikamuudhi.

"Niachie hilo jarida," akasema. "Na usilikunjekunje, ni la maktaba."

Siku iliyofuata ililetwa bahasha kutoka utawala. Kila anayeomba uprofesa orodha yake ya machapisho huthibitishwa na Mkutubi kwa cheti chenye sahihi na mhuri, na safari hii orodha ilikuwa ya Daktari. Wakutubi waliotangulia walikuwa wakitazama idadi kwenye mtambo, wanagonga mhuri, wanaendelea na chai. Huyu hakuwa wa aina hiyo. Alikuwa na hamu, tena hamu mbaya, ya kuona ni watu gani hao mia tatu na kumi na mbili waliompenda Mia Tatu kiasi hicho. Akaanza kuzifungua makala zao moja baada ya nyingine.

Ya kwanza ilisema: slaidi za zamani, yaani vioo vyenye damu ya kupimwa, zilioshwa mara mbili kwa maji ya siki kabla ya kutiwa rangi, kama alivyoeleza Daktari. Ya pili ikasema hivyohivyo. Ya tatu ilikuwa ya watu wa bara jingine kabisa, nayo ikasema slaidi zilioshwa mara mbili. Ya ishirini, slaidi. Ya hamsini, slaidi. Mkutubi akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Makala ya Daktari aliijua vizuri, maana ilikuwa kichekesho cha watu wa maktaba. Iliitwa "Rangi za Vidonge Zipendwazo na Wagonjwa wa Nje". Wagonjwa arobaini na mmoja waliulizwa wanapenda kidonge cha rangi gani. Kumi na tisa walisema njano, na waliobaki, kwa jinsi majibu yao yalivyoandikwa, walitaka tu kurudi nyumbani. Humo hamkuwa na slaidi wala siki.

Akatazama marejeo yenyewe. Jina la Daktari, jina la jarida, mwaka, halafu ukurasa: themanini na nane. Makala ya vidonge ilianzia ukurasa wa tisini.

Akalivuta lile jarida aliloachiwa na wifi yake, akafungua ukurasa wa themanini na nane. "Kuosha Slaidi za Damu Zilizokaa Muda Mrefu Kabla ya Kuzitia Rangi ili Vimelea Vionekane." Mwandishi alikuwa wifi yake. Wifi wa kidole cha kabatini.

Mkutubi alicheka peke yake mpaka msaidizi wake akachungulia mlangoni. Kisha akaacha kucheka na kutafuta chanzo, na chanzo hakikuwa mbali. Kwenye ukurasa wa yaliyomo, vichwa vya makala vilipangwa kushoto na majina ya waandishi kulia. Kichwa cha wifi kilikuwa kirefu, kikachukua mistari mitatu, na mpanga kurasa, labda alikuwa na haraka ya kwenda kula, akalisogeza jina la Daktari likakaa mkabala nacho. Mwaka mmoja baadaye mtafiti wa kwanza akanakili kutoka kwenye yaliyomo: ukurasa wa Fundi, jina la Daktari. Wa pili akanakili kwa wa kwanza. Wa tatu kwa wa pili. Makala mia mbili na tisini na nane, za wasomi wenye shahada zinazojaza ukuta, na hakuna hata mmoja aliyefungua ukurasa! Zile kumi na nne zilizobaki ndizo zilizozungumzia vidonge, na zote zilikuwa za Daktari akijirejelea mwenyewe.

Alimfuata wifi yake chumba cha hadubini akamweleza. Fundi alisikiliza bila kuondoa jicho kwenye lenzi. Alipomaliza kusikiliza aliinua kichwa, akauliza swali ambalo Mkutubi hakulitegemea hata kidogo.

"Wanasema inafanya kazi?"

"Nini?"

"Osho langu. Huko kwao, linafanya kazi?"

"Linafanya kazi wifi, kote huko! Husikii ninachokwambia? Mtu amekula jasho lako miaka kumi na mmoja!"

"Nilikuwa sina hakika kama litafaa kwa maji ya kwingine," Fundi alisema, na uso wake wote ukafurahi. Mkutubi alitamani kumtingisha mabega.

Kwa Daktari alikwenda mwenyewe, mkononi na jarida. Alitazamia mshtuko, au angalau jasho kidogo. Daktari alitupia jicho ukurasa wa themanini na nane kama mtu anayetazama picha yake ya utotoni.

"Aa, hilo," akasema. "Naona umefanya kazi kweli kweli, dada."

"Ulijua?"

"Mwanzoni nilishangaa. Watu wananialika, wananiuliza habari za kuosha slaidi. Unamwambiaje mtu aliyekulipia ndege kwamba amekosea? Nikaeleza nilivyoweza. Miaka tisa sasa naieleza njia hii kwenye mikutano. Niambie wewe, aliyeieneza nani? Yeye amekaa tu mle chumbani."

"Basi irudishe kwake, abaki na chumba chake. Anahitaji kumi tu, Daktari. Wewe unazo mia tatu."

"Dada, yanayohesabiwa ni majina. Kurasa hazihesabiwi." Akalisukuma jarida kwenye ukingo wa meza. "Weka sahihi yako kwenye cheti. Mgeni anafika kesho."

Mkutubi aliondoka na roho juu. Jarida alilichukua, sahihi hakuiweka.

Mgeni alikuwa mtathmini kutoka nje, profesa wa siku nyingi, mama wa makamo mwenye viatu vya kutembelea na mkoba uliojaa karatasi. Kikao kilifanyika chumba cha mikutano, chupa za maji zimepangwa, Mwenyekiti wa kamati kwenye kichwa cha meza, Daktari ndani ya suti mpya iliyokuwa bado na mkunjo wa dukani. Mkutubi aliketi mwisho na cheti chake. Mgeni alianza kwa sifa.

"Mimi mwenyewe nimekurejelea mara kumi na moja," alimwambia Daktari. "Tena nadhani nilikuwa wa kwanza. Kwa kweli nilikubali safari hii ili nikuulize jambo moja. Slaidi zetu zinatoka zimepauka. Osho la pili huwa ni dakika ngapi?"

Daktari aliegemea kiti. "Inategemea," akasema.

"Inategemea nini?"

"Mazingira. Aina ya sampuli. Ni jambo pana."

"Kwa sampuli ya kawaida tu."

"Hapo ndipo uzoefu unapoingia," Daktari alisema, akafungua chupa ya maji na kunywa taratibu sana.

Mkutubi hakuomba ruhusa. Alivaa miwani yake, akafungua jarida, akasoma kwa sauti ya mtu anayesomea watoto. "Osho la kwanza dakika moja. Osho la pili dakika tatu, kioo kimelazwa kifudifudi, kisisimamishwe, maana kikisimamishwa rangi hupauka."

"Tunavisimamisha!" mgeni akasema. "Miaka yote tunavisimamisha. Umesoma wapi hayo?"

"Kwenye makala unayoirejelea, mama. Ukurasa wa themanini na nane."

Jarida likapita mkono kwa mkono mpaka kwa mgeni. Alisoma kurasa zote mbili, na hilo halikumchukua hata dakika nne. Kisha akatazama jina la mwandishi, akatazama ukurasa wa yaliyomo, akatoa makala yake mwenyewe ya zamani mkobani na kuilinganisha. Uso ulimshuka.

"Kwa hiyo kosa lilianza wapi?" Mwenyekiti aliuliza.

"Kwangu," mgeni akasema. Angalau yeye alikuwa na haya.

Mtu angedhani mambo yameishia pale. Mkutubi alidhani hivyo, akaanza hata kukusanya karatasi zake. Lakini Mwenyekiti alikohoa, akasema suala hili ni nyeti. Katika ile mia tatu na kumi na mbili, Mwenyekiti mwenyewe alikuwamo mara mbili, na slaidi alizoandika kwamba zilioshwa hazikuwahi kunusa siki. Akasema kanuni inataja idadi kama inavyoonekana kwenye mtambo. Akasema makosa ya wapanga kurasa si ya taasisi. Wajumbe wakatikisa vichwa kwa busara, maana kila mmoja alikuwa akikumbuka orodha zake za marejeo na namna alivyozipata. Wakamgeukia Mkutubi: idadi ni hiyo au si hiyo?

Mkutubi alichukua kalamu akaandika kwenye cheti, mbele yao: "Idadi naithibitisha. Mwenyewe simthibitishi." Akaweka sahihi na kugonga mhuri kwa nguvu mpaka chupa zikatikisika. Mwenyekiti akasoma sentensi ya kwanza, akakunja karatasi. Daktari akatoka mle ndani profesa.

Mgeni alitimiza yake. Wiki ileile alipeleka masahihisho kwenye jarida lake: njia ya kuosha slaidi ni ya fulani, si ya fulani, naomba radhi. Yalitoka siku tatu kabla ya mwisho wa mwezi. Mkutubi alikimbilia kompyuta, wifi yake amesimama nyuma ya kiti chake, akaandika jina. Mtambo ukazunguka. Moja. Masahihisho yenyewe yalikuwa yamehesabiwa kuwa rejeo moja, na yale mengine yote yakabaki palepale, kwenye jina lilelile.

Hata hivyo walikwenda nayo pamoja kwa Daktari, sasa Profesa.

"Hongera," Profesa alimwambia Fundi. "Lakini moja si kumi."

Fundi aligeuka akatoka. Alirudi chumbani kwake akafunika hadubini kwa kitambaa, akavunja beseni lake la kuoshea kwa bahati mbaya, au si kwa bahati mbaya, Mkutubi hakuuliza. Jioni alibeba koti lake jeupe na saa yake ya kupimia dakika. Mkutubi alimshika mkono mpaka getini, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya, na wote wawili waliona aibu kidogo.

Baada ya wiki sita Fundi alipata kazi katika maabara ya zahanati upande wa pili wa mji, chumba chembamba chenye taa ya mrija, ambako hakuna aliyemuuliza idadi. Walimuuliza tu kama anajua kusoma slaidi. Mshahara ulikuwa mdogo zaidi na alisikitika waziwazi, kila Jumapili, huku akipitisha kidole kabatini.

Kituo cha Umahiri kikafunguliwa kwa utepe. Sasa kwa kuwa Profesa alikuwa na chumba na cheo, watu wakaanza kumpelekea slaidi zao za zamani aziokoe: masanduku kutoka hospitali, masanduku kutoka nje, damu za wagonjwa ambao wengine walikwishafariki na hazipatikani tena. La kwanza likaharibika lote. Damu ilibanduka kwenye vioo ikaelea ndani ya beseni. La pili likapauka. La tatu Profesa hakuthubutu kuligusa, likakaa dirishani kwenye ule mwanga mzuri, na mwenye sanduku alikuwa akipiga simu kila siku kuliulizia.

Jumatatu moja asubuhi mlango wa maktaba ulifunguliwa polepole. Profesa aliingia, akatazama rafu kama mgeni anayetafuta pa kukaa, akafika mezani kwa Mkutubi na kushusha sauti.

"Dada, habari za kazi. Naomba nakala ya zile kurasa mbili."

"Kurasa zipi?"

"Unazijua."

"Maktaba ina majarida elfu tisa, Profesa. Jaza fomu."

Alimpa karatasi na kalamu. Profesa akajaza akiwa amesimama, ameikinga kwa kiganja kama mwanafunzi anayeogopa kuibiwa jibu. Makala: Kuosha Slaidi. Ukurasa: 88. Sababu: Rejea. Akairudisha na kugeuka aondoke.

"Umeruka mstari," Mkutubi alisema.

"Upi?"

"Wa pili. Mwandishi."

Msaidizi wa maktaba aliacha kupanga vitabu. Watafiti wawili waliokuwa wakisoma dirishani wakainua vichwa. Profesa alitazama mstari ule kwa muda, akamtazama Mkutubi, akaona hapo hapana njia. Akainama na kuandika jina la Fundi, lote, la kwanza na la ukoo, kwa mwandiko wake mwenyewe. Mkutubi aliisoma fomu mpaka mwisho, akaigonga mhuri na kuiweka chini kabisa ya rundo.

"Njoo Alhamisi," akasema.